Mtungi wa gesi mjini Goma: bidhaa njema, huduma hafifu, na mafuta ya Ziwa Albert tunayoambiwa tuyasubiri

Gesi ya kupikia inayouzwa kwa mitungi mjini Goma ni bidhaa njema, lakini humfikia mnunuzi kupitia huduma hafifu na kwa bei iliyobeba gharama za barabara ndefu mno. Nimeitumia nyumbani kupikia chakula cha familia kubwa, si chai na mayai tu, na nimeinunua katika maduka kadhaa ya Himbi, Katindo na Birere, kwa hiyo ninayoyasema hapa yanahusu biashara nzima ya gesi mjini kuliko duka moja. Sehemu kubwa ya tathmini hii inahusu pia mafuta ya Ziwa Albert, upande wa Uganda, kwa sababu kila unapolalamikia bei dukani jibu ni lilelile: subirini kidogo, Uganda inakaribia kuchimba mafuta yake, gesi itashuka. Jibu hilo limeshazoeleka, na kuna familia zinazoahirisha maamuzi ya jikoni kwa kulitegemea. Ninaona halijapimwa vya kutosha.

Nianze na jiko lenyewe. Aliyezoea mbabula, yaani jiko la makala (makaa), huona tofauti kwanza asubuhi. Makala yanataka kuwashwa, kupepewa na kusubiriwa mpaka yashike, na watoto wa shule hawana muda huo. Gesi huwaka papo hapo, na moto hupunguzwa mara tu sufuria inapochemka. Hakuna moshi, hakuna majivu, na sufuria hazipati masizi. Katika nyumba zetu za mbao, ambazo nyingi zimejengwa juu ya mawe ya volkano, jambo hilo lina uzito zaidi kuliko usafi peke yake, kwani makala yanayowaka ndani usiku wa baridi, madirisha yakiwa yamefungwa, hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu inayoua watu wakiwa usingizini. Anayepika kwa gesi hana sababu ya kuingiza mbabula ndani.

Kwa vyakula vyetu matokeo yanatofautiana. Sambaza za kukaanga hutoka vizuri sana, kwa sababu mafuta hubaki kwenye joto moja na samaki hawaungui upande mmoja huku upande wa pili ukiwa bado mbichi. Lengalenga, mchele na viazi havina shida. Mtihani ni maharagi. Goma iko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, na katika mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, kwa hiyo maharagi huchelewa kuiva hata moto uwe mkali namna gani, na gesi nyingi huishia kwenye mvuke. Mtu anayepika maharagi kila siku katika sufuria ya kawaida atakuta mtungi umekwisha mapema na atadhani ameibiwa. Maharagi yalowekwe usiku kucha, yapikwe katika sufuria ya presha, na moto ushushwe mara mvuke unapoanza kulia. Familia nyingi ninazozifahamu zimegawa kazi, maharagi na sombe (kisamvu) kwa makala na vingine vyote kwa gesi. Ni mpango wa busara, na unapunguza makala kwa kiasi kikubwa hata kama hauyaondoi kabisa.

Kuna kasoro moja ambayo wauzaji hawaisemi. Lile jiko dogo linalofungwa moja kwa moja juu ya mtungi wa kilo 6, ambalo wengi hulichagua kwa sababu ni la bei nafuu, halifai kwa bugali wa watu wengi. Kusonga bugali kunataka nguvu, na sufuria ikiwa juu ya jiko, na jiko likiwa juu ya mtungi, kila mkandamizo wa mwiko unausukuma mtungi wote. Nimeona mtungi ukiinama mpaka mtoto akaitwa aje aushike kwa mikono miwili wakati mama yake anasonga, jambo ambalo halipaswi kutokea katika jiko lolote. Kwa nyumba inayokula bugali kila siku, jiko linalofaa ni lile la fremu ya chuma lenye vichomeo viwili, likae mahali pa chini na pa imara, na mtungi usimame pembeni ukiwa umeunganishwa kwa mpira usio na mikunjo. Ni ghali zaidi, na ni lazima.

Gesi yenyewe ni mchanganyiko wa propani na butani, ambazo hugeuka kimiminika kwa shinikizo la wastani tu ndani ya chuma. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri na butani kwenye karibu nyuzi sifuri, kwa hiyo propani hutangulia kutoka na butani huzidi kubaki nyuma. Ndiyo maana mtungi unapokaribia kwisha moto hudhoofika, hasa alfajiri kunapokuwa na baridi, ingawa ukiutikisa bado unasikia kitu kikicheza ndani. Hiyo si dalili ya udanganyifu. Lakini mtu asiusogeze mtungi karibu na mbabula kwa kutaka kuupasha moto, kama nilivyokwisha kuona wengine wakifanya.

Wengi huuliza kama gesi hii inatoka Ziwa Kivu. Haitoki huko. Gesi ya ziwa letu ni methani, na methani haigeuki kimiminika kwa kukandamizwa katika joto la kawaida, kwa hiyo kuibeba katika mitungi kunataka chuma kinene cha kuhimili shinikizo kubwa mara nyingi zaidi. Rwanda imechagua kuizalishia umeme: mtambo wa KivuWatt, karibu na Karongi, una uwezo wa megawati 26 na ulianza kazi mwishoni mwa mwaka 2015. Hilo ni somo jingine.

Kuhusu usalama, mkazi wa Goma ana jambo moja analolielewa haraka kuliko mtu wa mji mwingine. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi darini. Hutambaa sakafuni na kujikusanya mahali pa chini, kama mazuku, ile gesi ya volkano, yanavyojikusanya katika vibonde vya upande wa Mugunga na kuua mbuzi, na wakati mwingine watoto. Tofauti ni kwamba gesi ya mtungi hutiwa harufu kali kwa makusudi ili mvujo ujulikane, na kwamba yenyewe huwaka. Kwa hiyo tundu la hewa la jikoni liwe karibu na sakafu, si juu peke yake, na mtungi usiwekwe shimoni wala katika chumba kilicho chini ya usawa wa ua. Kila unapobadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungio. Likitoa mapovu yanayokua, funga koki na urudishe mtungi. Usipime mvujo kwa kiberiti. Mji huu unajua mafuta na moto vinavyoweza kufanya vikikutana: Januari 2002, siku chache baada ya lava ya Nyiragongo kuingia mjini, kituo cha mafuta kililipuka na makumi ya watu waliokuwa wakichota mafuta walipoteza maisha.

Sasa nije kwenye huduma, mahali ambapo malalamiko yangu ni makubwa zaidi.

Kila mtungi una uzito wake mtupu uliogongwa kwenye chuma, kwa kawaida kwenye kola inayozunguka koki. Ukisoma 14.5, na mtungi ni wa kilo 12, basi ukiwa umejaa lazima upime kilo 26.5. Hesabu hii haihitaji fundi, inahitaji mizani. Lakini katika maduka mengi niliyoingia mizani haipo mbele ya mteja. Katika mengine ipo nyuma, chini ya mifuko, na muuzaji huitoa kwa kusitasita kana kwamba umemtukana. Mtungi mmoja nilioletewa nyumbani kwa pikipiki ulikuwa na kifuniko cha plastiki kilichobana vizuri kabisa, hakikuonyesha dalili ya kuguswa, lakini nilipoupima kwenye mizani ya jirani anayeuza unga ulikuwa umepungua zaidi ya kilo moja. Niliurudisha. Muuzaji aliubadilisha bila ubishi, kwa adabu, akaniambia: «Mama, sisi tunaipokea ikiwa imefungwa hivi hivi.» Ninamwamini. Lakini muuzaji asiyepima anachopokea anamuuzia mteja ahadi ya mtu mwingine, na upungufu wa kilo moja katika mtungi wa kilo 12 ni siku kadhaa za chakula cha familia.

Afadhali hata hilo kuliko wanaojaza mitungi midogo kwa kumiminia kutoka mikubwa, nyuma ya nyumba, bila kipimo chochote. Wanavutia kwa sababu wanakubali fedha kidogo, jinsi akina Kadhafi, wachuuzi wa mafuta ya magari, wanavyouza esansi (petroli) kwa chupa kandokando ya barabara. Lakini kimiminika kilichomo katika mtungi hutanuka kinapopata joto, na ndiyo sababu kiwanda huacha nafasi tupu juu. Anayemiminia kwa macho hawezi kujua kama nafasi hiyo imebaki. Huduma hiyo siishauri kwa mtu yeyote, hata mwenye fedha kidogo. Heri anunue makala wiki hiyo.

Mambo mengine ya huduma nitayapitia haraka. Kidhibiti cha shinikizo cha kampuni moja mara nyingi hakiingii kwenye koki ya kampuni nyingine, kwa hiyo duka lako likiishiwa, hulazimika kusubiri au kununua mtungi mpya na kidhibiti chake. Uliza jambo hilo kabla ya kulipa mara ya kwanza. Malipo kwa simu hupokelewa karibu kila mahali, na tangu benki zifunge milango Januari 2025 ndiyo njia rahisi zaidi. Noti ya dola iliyochanika hata kidogo hukataliwa kama kawaida. Vijana wa pikipiki wanaoleta mitungi nyumbani ni waangalifu kuliko wanavyosifiwa: wengi huusimamisha mtungi wima na kuufunga kwa mpira, na mmoja alikataa kuulaza hata nilipomwambia nina haraka. Alikuwa na haki.

Tukifika kwenye bei, ni lazima tutoke mjini. Gesi, esansi na mazuti (dizeli) ya Goma hupita baharini kwanza, hushushwa Mombasa au Dar es Salaam, kisha hupanda kwa malori kupitia Uganda au Rwanda, safari ya zaidi ya kilometa 1,500 mpaka hapa. Kila mpaka una ushuru na siku za kungoja, na barabara ya Bunagana na Rutshuru inapofungwa kwa vita, mji mzima hutegemea mpaka wa Gisenyi. Kwa gesi kuna gharama ya ziada ambayo esansi haina. Rudi kwenye hesabu ya mtungi wangu: kati ya kilo 26.5 zinazopakiwa, 14.5 ni chuma. Lori la mitungi hubeba chuma kingi kuliko gesi, na linaporudi hubeba chuma kitupu. Mitungi niliyofuatilia asili yake ilikuwa imejazwa ng'ambo ya mpaka. Kama gesi ingeletwa kwa lori la tangi na mitungi ikajazwa hapa hapa mjini, katika kiwanda chenye mizani na mkaguzi, sehemu ya bei ingeshuka bila kusubiri pipa hata moja kutoka Ziwa Albert, na lile tatizo la mitungi pungufu lingepata mtu wa kuulizwa.

Kuhusu Ziwa Albert, nianze na ukubwa wake, kwa sababu si jambo la kubezwa. Mafuta yaliyothibitishwa upande wa Uganda mwaka 2006 yanakadiriwa kufikia mapipa bilioni 6.5 ardhini, na takriban bilioni 1.4 kati ya hayo ndiyo yanayohesabiwa kuwa yanaweza kutolewa. Uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ulitangazwa tarehe 1 Februari 2022. TotalEnergies ya Ufaransa ina asilimia 56.67, CNOOC ya China ina 28.33, na UNOC, kampuni ya taifa ya Uganda, ina 15. Uchimbaji umegawanywa sehemu mbili. Tilenga, katika wilaya za Buliisa na Nwoya, imepangiwa visima zaidi ya 400 na mapipa 190,000 kwa siku, na baadhi ya visima hivyo vimo ndani ya Hifadhi ya Murchison Falls. Kingfisher, iliyoko ukingoni mwa ziwa, ni ndogo zaidi na imepangiwa mapipa 40,000. Kwa pamoja ni mapipa 230,000 kwa siku uzalishaji ukifika kileleni, karibu mara kumi ya yale ambayo Kongo huzalisha kule Muanda.

Mafuta hayo yatakwenda wapi? Swali hilo ndilo muuzaji wa gesi hajiulizi. Yatakwenda Tanga. Bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki (EACOP) lina urefu wa kilometa 1,443 kutoka Kabaale, wilayani Hoima, mpaka Chongoleani kwenye Bahari ya Hindi, na kilometa 1,147 kati ya hizo zimo Tanzania. Mafuta ya Ziwa Albert yana nta nyingi na huganda yakipoa, kwa hiyo bomba zima hupashwa joto ili yabaki kwenye nyuzi 50 hivi. Ni kazi kubwa ya uhandisi, na kwa uchumi wa Uganda na Tanzania ina maana kubwa: mapato ya serikali, ada ya kupitisha mafuta, bandari, ajira za ujenzi, barabara za lami katika wilaya zilizokuwa zimesahauliwa, na uwanja wa ndege wa Kabalega kule Hoima. Imewagharimu pia makumi ya maelfu ya watu ambao ardhi yao ilichukuliwa, yote au sehemu, na mashirika ya kiraia ya Uganda na Ufaransa yalianza kuishtaki kampuni ya Total mbele ya mahakama za Ufaransa tangu mwaka 2019. Mambo yote haya ni ya kweli na ni mazito. Lakini kinachopita ndani ya bomba ni mafuta ghafi, na mafuta ghafi hayawashi jiko. Yatapakiwa melini, yatasafishwa mbali, na gesi itakayotokana nayo, kama itatujia, itatujia kwa bei ya dunia kupitia bandari zilezile na barabara zilezile.

Anayetilia shaka hoja hii atazame nchi yetu wenyewe. Kongo imezalisha mafuta katika pwani ya Muanda tangu miaka ya 1970. Kampuni ya Perenco huyachimba, na yote huuzwa nje yakiwa ghafi. Kiwanda cha kusafishia cha SOCIR, kilichojengwa jirani na hapo, kiliacha kusafisha miaka mingi iliyopita. Je, kuna mtu aliyewahi kununua esansi Goma kwa bei nafuu zaidi kwa sababu ya Muanda? Kuwa na mafuta ardhini na kuwa na gesi jikoni ni mambo mawili yanayotenganishwa na kiwanda.

Kwa hiyo kinachoweza kuigusa bei ya mtungi wa Goma ni kile kiwanda cha kusafishia mafuta kilichopangwa kujengwa Kabaale, chenye uwezo wa mapipa 60,000 kwa siku. Hicho ndicho kingetoa esansi, mazuti, mafuta ya ndege na gesi ya kupikia katika nchi jirani, na umbali wa kutoka Hoima mpaka Goma kwa barabara haufiki nusu ya umbali wa kutoka baharini. Historia yake ni ndefu kuliko ya bomba. Mkataba na kundi la wawekezaji uliotiwa saini mwaka 2018 ulimalizika bila kiwanda kujengwa, na Machi 2025 Uganda ilisaini mkataba mwingine na kampuni ya Alpha MBM ya Falme za Kiarabu, ambayo imekubali kuchukua asilimia 60, huku UNOC ikibaki na 40. Kutoka saini mpaka mtungi ni miaka. Hata tarehe ya kuanza kutoa mafuta yenyewe, iliyokuwa imetajwa kuwa 2025, ilisogezwa mbele.

Na kiwanda hicho kikisimama, kitawauzia Waganda kwanza, kama ilivyo haki yao, kwa kuwa nao wengi wao wangali wanapikia makala na kuni. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na kwa sababu hiyo tuna mahali pa kudai kwamba bidhaa hizo zivuke Bunagana, Ishasha na Kasindi kwa ushuru unaoeleweka. Lakini kudai kunataka tuwe na matangi ya kupokelea na kiwanda cha kujazia mitungi, na barabara inayopitika. Bila vitu hivyo, gesi ya Hoima itafika Goma ikiwa imefungwa ndani ya chuma kilekile, na muuzaji ataendelea kusema kwamba anaipokea hivi hivi.

Wengine huniambia kwamba tungechimba upande wetu wa ziwa, kwani Ziwa Albert ni la nchi mbili. Ni kweli kwamba ni la nchi mbili, na mpaka huo ulishamwaga damu: mwaka 2007 majeshi yalipambana karibu na kisiwa cha Rukwanzi, na tarehe 8 Septemba mwaka huohuo marais Kabila na Museveni walisaini makubaliano ya Ngurdoto, Tanzania, kuhusu mpaka na mafuta. Tangu hapo upande wa Kongo haujatoa tone. Kusini zaidi, kampuni ya SOCO ya Uingereza ilitafuta mafuta ndani ya Hifadhi ya Virunga na Ziwa Edward, ikakubali kuacha Juni 2014 baada ya upinzani mkubwa wa wavuvi, watetezi wa mazingira na mashirika ya nje. Mwaka 2022 serikali ilinadi vitalu 27 vya mafuta, vingine vikigusa Virunga, na ikaufuta mnada huo Oktoba 2024. Mimi nilifurahi ulipofutwa, nami nasema hivyo nikiwa mtu ninayetaka gesi nafuu. Muanda umetuonyesha kwamba visima vya Virunga visingelipia mtungi wangu, na vingechukua Ziwa Edward, ambalo watu wa Vitshumbi na Kyavinyonge wanaishi kwalo.

Virunga na jiko la Goma vimeunganishwa tayari, na si kwa mafuta. Makala mengi yanayoingia mjini, kwenye malori na kwenye chukudu, vile vyombo vya mbao vya magurudumu mawili, zinazoshuka zikiwa zimelemewa, hutoka katika miti ya hifadhi hiyo, na biashara yake imelisha makundi yenye silaha kwa miaka mingi. Ndiyo maana ninaona huduma ya gesi ni jambo zito kuliko starehe ya wenye nyumba za Himbi. Kila mtungi unaouzwa kwa uzito kamili na kwa bei inayovumilika hupunguza mifuko inayotoka msituni. Kila mtungi pungufu humrudisha mama mmoja kwenye mbabula, akiwa na uhakika kwamba gesi ni ya matajiri na wezi, na kumrudisha tena kwenye gesi ni vigumu.

Kwa hiyo ninaisifu bidhaa na ninawapendekezea wenye uwezo wa kulipia mtungi wa kwanza wasisubiri Hoima. Mtu anayeishi peke yake, au wawili, atatosheka na mtungi wa kilo 6, lakini aache kusonga bugali juu yake. Familia ichukue wa kilo 12 na jiko la vichomeo viwili, na ibaki na mbabula kwa maharagi. Mwenye mgahawa afanye hesabu kwa makini kabla ya kuhama kabisa, kwa sababu gesi ikikosekana mjini kwa siku tatu, jambo ambalo hutokea mpaka unapofungwa, wateja wake hawatamngoja. Huyo awe na mitungi miwili na akiba ya makala. Wenye maduka wanunue mizani na waiweke mlangoni, mahali mteja anapoiona akiingia. Na anayenunua wiki hii asome namba iliyogongwa kwenye kola, ajumlishe, aombe mtungi upimwe mbele yake kabla ya kutoa fedha. Muuzaji akikataa, aondoke, kwani maduka yenye mizani yapo, machache, na yanastahili kupata wateja hao.